Mcheza Ugenini: Habari za Lance Todd, Mchezaji na Meneja wa Timu

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, redio imewekwa mahali ambapo wote wanaisikia, na katibu ana kalamu na karatasi yake. Mwisho wa mazungumzo haya nitawapa maswali machache ya kujadiliana, basi mwenye kuandika na aandike.

Wazee wetu walisema, "Mcheza kwao hutuzwa." Maana yake mnaijua. Mtu anayecheza nyumbani, mbele ya ndugu na jamaa, ndiye anayeshangiliwa na kutupiwa fedha. Leo nataka kuwasimulia habari za mtu aliyecheza mbali sana na kwao, tena wakubwa wa mchezo wa kwao wakamfungia mlango kwa sababu ya safari hiyo. Hata hivyo alituzwa, na jina lake hutajwa kila mwaka mpaka leo. Mtu huyo aliitwa Lance Todd, wa Auckland katika nchi ya New Zealand. Alikuwa mchezaji wa raga, kisha akawa meneja wa timu. Katika kazi hii ya pili ndimo limo somo letu la leo.

Kwanza hapana budi tuujue mchezo wenyewe. Raga huchezwa kwa mpira wenye umbo la yai. Mchezaji huushika kwa mikono na kukimbia nao, lakini haruhusiwi kumtupia mwenzake aliye mbele. Lazima amtupie aliye kando au nyuma yake. Wapinzani humkamata na kumwangusha. Akifaulu kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho na kuugusisha chini, amepata trai, na katika siku ninazozisimulia trai ilikuwa pointi 3. Tena mpira unaweza kupigwa teke ukapita kati ya milingoti miwili, juu ya mti uliolala. Hilo ni goli, nalo lilikuwa pointi 2. Shikeni hesabu hiyo, maana itatufaa baadaye.

Sasa sikilizeni jambo lililoigawa raga sehemu mbili. Katika miji ya kaskazini ya Uingereza wachezaji wengi walikuwa wafanyakazi wa migodi ya makaa na viwanda vya nguo. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi mpaka mchana. Mtu akiitwa kwenda kucheza mji mwingine, hukosa kazi, na akikosa kazi hukosa mshahara. Klabu za kaskazini zikasema, "Turuhusiwe kumlipa huyu mtu ule mshahara aliopoteza." Wakuu wa chama cha raga wakakataa. Walisema mchezo ni wa kujifurahisha tu, na anayepokea fedha anauchafua. Kwa mtu mwenye mali neno hilo lilikuwa jepesi kulitamka. Kwa mchimba makaa mwenye watoto lilikuwa na maana ya kuchagua kati ya mpira na chakula.

Basi tarehe 29 Agosti 1895 wajumbe wa klabu za kaskazini walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitenga na kuunda chama chao, wakakiita Northern Union. Waliruhusu mchezaji alipwe mpaka shilingi 6 kwa siku moja ya kazi aliyoikosa. Kugombana kulianzia hapo, kwa shilingi 6. Baadaye chama hicho kilibadili na sheria za mchezo ili uwe wa mbio zaidi. Mwaka 1906 walipunguza wachezaji kutoka 15 wakabaki 13 kila upande, wakaamuru kwamba mtu aliyeangushwa ainuke na kuurudisha mpira mchezoni kwa mguu. Huu ndio mchezo unaoitwa raga ya ligi. Ile raga ya watu 15, pamoja na ya watu 7 ambayo wengi Afrika Mashariki wanaijua, ni ya upande ule mwingine.

Habari za mgawanyiko huo zilifika New Zealand. Katika mji wa Wellington palikuwa na karani wa posta, kijana aitwaye Albert Baskerville. Yeye alikusanya kikosi cha kwenda Uingereza kucheza na hao wa Northern Union. Kila mchezaji alitakiwa kutoa pauni 50 za gharama, na faida ikipatikana, wagawane. Chama cha raga cha New Zealand kilikasirika sana. Kila aliyekwenda alifungiwa maisha asicheze tena raga ya kwao. Magazeti nayo yakawafanyia dhihaka. Timu ya taifa ya New Zealand huitwa All Blacks kwa sababu ya mavazi yao meusi. Hawa wakaitwa All Golds, kama kusema kwamba wao wanaona dhahabu tu.

Lance Todd alikuwa mmoja wao. Tafakarini jambo alilolifanya kijana huyu. Alikuwa ameacha mchezo aliozaliwa nao, akaweka fedha mezani, akapanda meli kwenda kucheza mchezo mwingine ambao wengi katika kikosi chao walikuwa hawajapata kuuona hata mara moja. Sheria zake walijifunza walipofika. Na bado mwanzoni mwa mwaka 1908 walicheza na timu ya taifa ya wenyeji mechi tatu kubwa. Ya kwanza, mjini Leeds, walishindwa 14 kwa 6. Ya pili, mjini London, walishinda 18 kwa 6. Ya tatu, mjini Cheltenham, walishinda 8 kwa 5. Wanafunzi wamewashinda walimu wao.

Furaha hiyo ilikuwa na uchungu wake. Kikosi kilipokuwa Australia kikirudi nyumbani, Baskerville aliugua nimonia, akafa mjini Brisbane mwezi wa Mei 1908. Alikuwa na miaka 25 tu. Aliyeifungua njia hakuwahi kuona wenzake walifika wapi nayo.

Todd alikuwa amekwisha kukubali kuchezea klabu ya Wigan, mji wa makaa na pamba katika jimbo la Lancashire. Alicheza senta, yaani mtu wa katikati katika safu ya wakimbiaji, na kandoni mwake alikuwa winga hodari aitwaye Jim Leytham. Kazi ya senta ni ya namna yake. Yeye huvuta wapinzani wamjie, kisha huutoa mpira kwa winga mara tu njia inapofunguka. Akiutoa mapema, winga hukamatwa. Akichelewa, hukamatwa yeye. Watu humshangilia winga aliyefika mwisho wa uwanja, lakini njia imefunguliwa na mwingine. Naomba mlikumbuke jambo hili, kwa kuwa tutalirudia.

Mwaka 1909 Wigan walikuwa mabingwa wa Uingereza, baada ya kuwashinda Oldham katika fainali 7 kwa 3. Halafu ukaja wakati mgumu wa ajabu. Walifika fainali ya ubingwa mwaka 1910, 1911, 1912 na 1913, miaka minne mfululizo, na zote nne wakashindwa. Mbili za kwanza walifungwa na Oldham, na mbili za mwisho na Huddersfield. Ile ya mwisho matokeo yake yalikuwa 29 kwa 2. Hapo kuna mafunzo makali. Timu inayofika fainali mara nne si timu mbovu, lakini kikombe hakigawanywi vipande. Mwaka 1914 Todd alihamia Dewsbury, katika jimbo jirani la Yorkshire. Kisha ikaja Vita Kuu, na siku zake za kucheza zikaisha.

Ndugu zangu, maisha ya wachezaji wengi husimuliwa mpaka hapo, na kitabu hufungwa. Ya Todd ndiyo kwanza yanaanza.

Mwaka 1928 klabu ya Salford ilimchukua awe meneja wake. Salford ni mji ulioungana na Manchester. Mto Irwell tu ndio unaotenganisha. Siku zile ulikuwa mji wa viwanda, moshi, na gati za meli zilizoingia kwa mfereji kutoka baharini. Klabu yao ya raga ilikuwa karibu na mkia wa ligi. Fedha zilikuwa haba. Tena katika klabu nyingi za zama hizo timu ilichaguliwa na kamati: mabwana wanakaa mezani, kila mmoja ana kipenzi chake, wanapiga kura. Todd alipewa kazi ya kutafuta wachezaji na kuwajenga wawe kitu kimoja.

Je, atawapata wapi wachezaji, na mfuko mtupu? Alikwenda kuwatafuta mahali ambapo wengine hawakuangalia vizuri, zaidi Wales. Wales ni nchi ya makaa, na watu wake wanaipenda mno raga ya watu 15. Miaka ile bei ya makaa ilikuwa imeanguka, migodi ikafungwa, vijana wenye nguvu wakakaa barazani bila kazi. Mjini Cardiff alimwona kijana wa miaka kama 18 aitwaye Gus Risman, mtoto wa wazazi waliotoka Latvia. Mwaka 1929 Risman alianza kuichezea Salford. Wengine kutoka Wales walikuwa Emlyn Jenkins na Billy Watkins. Kutoka Durham, jimbo jingine la makaa, alikuwapo winga mwenye nguvu za fahali, jina lake Barney Hudson.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye uzito. Kijana wa Wales aliyetia sahihi kwa klabu ya raga ya ligi alifungiwa milele na raga ya kwao. Hakuwa na ruhusa ya kuichezea tena klabu ya kijijini kwao, wala taifa lake katika mchezo ule. Maana yake nini? Kila mara Todd alipokaa jikoni kwa watu huko Wales, akazungumza na kijana na wazazi wake, alikuwa akimwomba kijana huyo afunge mlango wa nyumbani kwa mkono wake mwenyewe. Hilo si jambo dogo kumwomba mtoto wa mtu. Lakini aliyekuwa akiomba alikuwa amefungiwa mlango huohuo mwaka 1907. Alijua uchungu wa kuitwa mpenda dhahabu. Alijua kufika mji mgeni na kujifunza sheria mpya mbele ya watu. Mimi nionavyo, hapa ndipo ilipokuwa nguvu yake. Aliweza kumwongoza mgeni kwa kuwa na yeye alikuwa mgeni.

Matunda hayakuiva siku moja. Mwaka 1929 Salford walifika fainali ya Kombe la Lancashire wakafungwa na Warrington 15 kwa 2. Todd alikuwa amekwisha kuonja fainali za namna hiyo, na hakuivunja timu yake. Mwaka 1931 walilipata kombe hilo, kwa kuwashinda Swinton 10 kwa 8. Mwaka 1933 wakawa mabingwa wa ligi nzima, wakiwafunga Swinton haohao 15 kwa 5.

Mwaka huohuo wa 1933 mwandishi Walter Greenwood, mzaliwa wa Salford, alitoa kitabu mashuhuri juu ya maisha ya watu wa mji wake wasio na kazi, waliopanga foleni kupokea posho ya serikali. Nataja hivyo ili mjue ni nani waliokuwa wakiingia uwanjani Jumamosi. Walikuwa watu waliohesabu senti za kiingilio. Timu yao kuwa bingwa hakukuwaletea kazi, wala mimi sitawadanganya kwamba mpira hujaza chungu. Lakini mtu aliyeambiwa juma zima kwamba hafai ana haja ya mahali pa kuinua kichwa.

Mwaka 1934, 1935 na 1936 Salford walichukua tena Kombe la Lancashire, mara tatu mfululizo, na kila mara waliwafunga Wigan katika fainali. Naam, Wigan ileile aliyoichezea Todd.

Mwaka 1934 raga ya ligi ilikuwa imeanzishwa Ufaransa kwa mara ya kwanza. Majira yale Salford walialikwa huko kuonyesha namna mchezo unavyochezwa. Walivaa jezi nyekundu, wakakimbia na kupasiana kwa kasi mpaka Wafaransa wakawapa jina la "Les Diables Rouges", yaani Mashetani Wekundu. Wapenzi wa kandanda mtasema, "Hilo si jina la Manchester United?" Ndilo. Lakini lilikuwa la Salford kwanza. Hao majirani zao wa kandanda walikuja kulitumia katika miaka ya 1960.

Lilibaki kombe moja kubwa, lile linaloitwa Challenge Cup. Salford walikuwa wamefika fainali yake mara nne mwanzoni mwa karne, mwaka 1900, 1902, 1903 na 1906, na mara zote nne walitoka mikono mitupu. Tarehe 7 Mei 1938 walikwenda Wembley, London, kupambana na Barrow, watu wa mji wa kuunda meli. Mechi ilikuwa ngumu, hakuna aliyeweza kupita. Ilipokaribia kwisha kila upande ulikuwa na magoli mawili ya teke, basi 4 kwa 4. Ndipo Barrow wakauachia mpira karibu na mstari wao wenyewe, na Albert Gear wa Salford akaurukia na kuugusisha chini. Trai, pointi 3. Salford 7, Barrow 4. Kikombe walikabidhiwa na Don Bradman, mchezaji maarufu wa kriketi wa Australia, na aliyekipokea alikuwa nahodha Gus Risman, yule kijana wa Cardiff.

Mwaka uliofuata walirudi Wembley wakafungwa na Halifax 20 kwa 3. Lakini juma moja baadaye wakawa mabingwa wa ligi kwa mara ya tatu chini ya Todd, baada ya kuwashinda Castleford 8 kwa 6 mbele ya watazamaji 69,504 mjini Manchester. Mwezi wa Septemba vita ya pili ya dunia ikaanza, na timu ile ikatawanyika.

Todd alipata pia kuwa mtangazaji wa mechi katika redio ya BBC. Basi naye, kama sisi sasa, alijua kazi ya kumwonyesha mtu kitu kwa sauti tupu. Mwezi wa Novemba 1942 alikufa kwa ajali ya gari. Hakuiona amani, wala hakuwaona vijana wake wakirudi kutoka vitani. Mwaka 1946 Gus Risman aliiongoza timu ya Uingereza katika ziara ya Australia na New Zealand, nchi alikozaliwa yule aliyemtoa Cardiff.

Mwaka huohuo wa 1946 rafiki zake, miongoni mwao Harry Sunderland wa Australia, walianzisha tuzo kwa jina lake. Hupewa mchezaji aliyecheza vizuri kuliko wote katika fainali ya Challenge Cup. Wa kwanza kuipata alikuwa Billy Stott wa Wakefield Trinity, waliowafunga Wigan 13 kwa 12. Na wachezaji wa zamani wa Salford walipoungana katika chama chao, walichanga fedha ili kila mshindi apate kikombe cha kwenda nacho nyumbani. Wale walioombwa kufunga mlango wa kwao walimkumbuka hivyo aliyewaomba.

Tena tuzo hiyo hutazama mtu, haitazami kama upande wake umeshinda. Mwaka 1948 ilipewa Frank Whitcombe wa Bradford Northern, na siku hiyo Bradford walikuwa wamefungwa na Wigan. Todd aliyeshindwa fainali nyingi angelielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Na yale matata ya shilingi 6 yaliishaje? Mwezi wa Agosti 1995 wakuu wa raga ya watu 15 duniani walitangaza kwamba mchezaji anaweza kulipwa. Miaka 100 kamili ilikuwa imepita tangu ule mkutano wa Huddersfield. Waliofungiwa kwa neno hilo wengi wao walikuwa wamekwisha kufa.

Sasa turudi kwa yule senta niliyewaomba mmkumbuke. Kazi yake ni kufungua njia, kisha kuutoa mpira kwa wakati wake na kumwacha mwingine ashangiliwe. Todd aliifanya kazi hiyo Wigan kwa mikono, akaifanya Salford kwa akili. Katika ushirika, katika kamati ya kijiji, katika shule na katika nyumba zetu tunao watu wengi wanaotaka kuwa winga. Wafungua njia ni wachache. Mwaka hata mwaka, mchezaji aliye bora kuliko wote siku ya fainali huitwa jukwaani, na jina linalotajwa pamoja na lake ni la meneja ambaye siku zake kubwa Wembley alikaa kando ya uwanja.

Haya sasa, katibu aandike maswali.

La kwanza: Kwa nini klabu za kaskazini zilijitenga mwaka 1895? Nani alikuwa na haki, na kwa nini?

La pili: Kijana wa Wales asiye na kazi anaombwa kuichezea Salford, naye akikubali hatacheza tena kwao. Ungekuwa mzazi wake, ungemshauri nini?

La tatu: Timu imeshindwa fainali nne mfululizo. Kiongozi afanye nini: abadili watu, au awatunze aliokuwa nao?

La nne: Mtajeni mtu mmoja katika mtaa au kijiji chenu anayewafungulia wengine njia bila kushangiliwa. Je, amepata kupewa shukrani? Kama bado, kikundi chenu kinaweza kufanya nini kabla hajafa?

Swali hilo la mwisho msilijibu kwa mdomo tu.